Jiko la Mkaa Lisilale Chumbani

Ndugu msomaji, ikiwa unaishi Mbeya, Njombe, Makete au Mafinga, huhitaji kuelezwa maana ya miezi ya Juni na Julai. Kule uwanda wa juu wa Kitulo umande huganda juu ya majani, na hata mijini watoto huenda shule wamejikunyata ndani ya masweta. Katika majira hayo jiko la mkaa huwa si chombo cha kupikia tu. Chakula cha jioni kikiisha kuliwa, jiko lenye makaa mekundu huingizwa chumbani, mlango hufungwa, matambara husokomezwa chini yake, na watu hulala.

Desturi hiyo huua, na huua kwa sababu wengi wetu tunamwogopa adui asiye yeye. Mama mwangalifu huliwasha jiko uani, hulipepea, hungoja moshi uishe na mkaa ukolee, ndipo huliingiza ndani akiamini kwamba hatari imekwisha toka. Kuhusu moshi amefanya vyema. Lakini hewa inayoua ni nyingine, iitwayo kaboni monoksidi, nayo hutokea pale mkaa unapoungua bila kupata oksijeni ya kutosha. Haina rangi, haina harufu, haikereketi koo wala haitoi machozi. Makaa mekundu yasiyo na moshi huitoa kwa wingi. Na hata yale yaliyofunikwa na majivu, tunayodhani yamezimika, huendelea kuitoa.

Hewa hiyo ikivutwa hushikamana na damu kwa nguvu izidiyo mara 200 ile ya oksijeni, hata ubongo na moyo vikakosa haki yao. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, na viungo humlegea. Aliyelala hana dalili ya kumwamsha. Mtoto aliye tumboni, wachanga na wazee ndio walio hatarini zaidi.

Je, umepata kuamka na kichwa kizito, wewe na jamaa zako wote, kisha kikapoa ulipofika kazini? Usiharakishe kusema ni malaria. Malaria haiwashiki watu wote wa nyumba moja alfajiri moja na kuwaachia saa tatu.

Wako watakaouliza: mbona wazee wetu walilala na moto ndani? Walilala chini ya paa la nyasi lililopitisha hewa, ingawa macho na mapafu yao yaliulipia moshi ule. Nyumba zetu za matofali, zenye dari na madirisha ya vioo, huizuia hewa kama chupa iliyozibwa. Wako pia wanaoweka beseni la maji kando ya jiko. Maji hayo hayaiondoi kaboni monoksidi hata kidogo.

Basi ote moto jioni, watu wangali macho, dirisha na mlango vikiwa wazi kiasi. Kabla ya yeyote kujinyoosha kitandani, jiko litoke nje, mbali na dirisha, likazimwe huko. Usiku utegemee mablanketi, soksi, na chupa ya maji ya moto iliyozibwa barabara na kuviringishwa kitambaa. Mkaa mbadala wa vumbi la mbao nao una hatari ile ile. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na ni jambo jema. Ila jiko la gesi pia lisitumiwe kupashia joto chumba kilichofungwa.

Ukiwakuta watu wamezidiwa, usikae mle ndani kuwauliza maswali. Fungua milango na madirisha, wavute nje upesi, nawe usikawie, kwani hewa hiyo haimchagui mwokoaji. Asiyepumua asaidiwe kupumua na ajuaye. Kisha wote wapelekwe hospitali, hata yule aliyezinduka na kusema yu mzima, na mganga aambiwe waziwazi kwamba palikuwa na jiko chumbani, kwa maana ugonjwa huu hufanana na mengine mengi na tiba yake ya kwanza ni oksijeni.