Miwani ya Rubani na Vioo Vinavyozimika

Mfanyakazi akimwona rubani akishuka kutoka kwenye ndege, mara nyingi humkuta amevaa miwani nyeusi, na wengi hudhani ni mambo ya fahari tu. Si fahari. Miwani ile ni chombo cha kazi kama yalivyo mabuti ya mkata miwa. Rubani hukaa saa nyingi angani, jua likimpiga usoni na mwanga mwingine ukimrudia kutoka chini, kwenye mawingu meupe. Macho yakichoka kazi huharibika, na katika kazi yake kuharibika maana yake ni watu kufa.

Lakini iko namna moja ya miwani ya jua ambayo marubani hushauriwa wasiivae kazini, nayo ndiyo hiyo hiyo inayosifiwa sana madukani na kuuzwa kwa bei ya juu. Huitwa miwani ya polaraizi. Jambo hili latuhusu na sisi wa viwandani na mashambani, kwa sababu vioo vilivyo mbele ya rubani siku hizi ni ndugu wa vioo vya mizani na mashine tunazozitazama kila siku.

Tuanze na mwanga wenyewe. Mwanga husafiri kwa kutikisika, kama kamba iliyofungwa kwenye mti upande mmoja, na upande wa pili mtu akaishika na kuitikisa. Kamba yaweza kutikiswa juu na chini, au kushoto na kulia, au kwa mshazari. Mwanga wa jua una mitikisiko ya namna zote kwa pamoja. Ukigonga kitu laini kilicholala, kama vile maji, lami iliyolowa au boneti ya gari, ule unaorudi huwa umepungukiwa na mitikisiko ya juu na chini, na ile ya kushoto na kulia ndiyo inayobaki kwa wingi. Kwamba mwanga unaorudi kutoka kwenye kioo hubadilika hivyo aligundua Mfaransa Étienne-Louis Malus mwaka 1808, alipokuwa akitazama kwa kipande cha jiwe angavu jua lililometameta kwenye madirisha ya jumba la Luxembourg mjini Paris.

Sasa fikiri uzio wa fito zilizosimama, na ile kamba imepitishwa katikati ya fito. Ukiitikisa juu na chini, mtikisiko hupita hadi ng'ambo. Ukiitikisa kushoto na kulia, fito huuzuia. Miwani ya polaraizi ni uzio wa namna hiyo, ila fito zake ni ndogo kupita kuonekana kwa macho. Mmarekani Edwin Land ndiye aliyepata njia ya kutengeneza uzio huo kwa karatasi nyembamba ya plastiki, akaomba hataza mwaka 1929.

Basi mng'ao wa maji hukatika. Mvuvi wa Ziwa Viktoria akiivaa huona chini ya maji, na dereva wa lori huiona barabara vizuri baada ya mvua. Hata rubani anayeteremka Entebbe, Kisumu au Mwanza, ziwa likimeremeta chini yake, hana budi kuitamani. Kwa kazi ya mvuvi ni miwani bora. Kwa rubani ndipo shida inapoanza.

Zamani mbele ya rubani kulikuwa na saa nyingi za mishale: ya mwendo, ya urefu kutoka usawa wa bahari, ya mafuta, ya dira. Boeing 767 ilipoanza kazi mwaka 1982, baadhi ya saa hizo zilikwisha kuondolewa na kuwekwa vioo vya namna ya televisheni za zamani, zile zenye tumbo kubwa nyuma. Mwanga wa vioo hivyo ulikuwa na mitikisiko ya pande zote, kwa hiyo miwani ya polaraizi iliufifisha tu kama miwani nyingine yoyote. Lakini Boeing 777, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1995, ilikuja na vioo bapa vya fuwele kioevu, na leo vioo vya namna hiyo vimeenea hata katika ndege ndogo.

Kioo cha fuwele kioevu kimejengwa kama mkate uliotiwa kitu katikati. Nje, mbele na nyuma, mna karatasi mbili za polaraizi, yaani nyuzio mbili za fito. Katikati mna kioevu kinachoweza kuupindua mtikisiko wa mwanga, na umeme ndio unaokiamuru kipindue wapi na kisipindue wapi. Panapopita mwanga ni peupe, panapozuiwa ni peusi, na hivyo tarakimu na picha hutokea. Angalia basi: mwanga unaotoka hapo umekwisha kupita kwenye uzio, nao una mtikisiko wa upande mmoja tu. Ukimfikia mtu aliyevaa uzio wa pili machoni, na fito za nyuzio hizo zikawa zimepishana, haupiti. Kioo ni kizima, umeme upo, tarakimu zipo, lakini yeye huona giza.

Watengenezaji wengine hulijua jambo hili, na hupanga fito za kioo ili mtu aliyekaa wima aone. Lakini rubani hakai kama sanamu. Huinamisha kichwa kutazama swichi iliyo pembeni, huegemea dirisha kutafuta uwanja, na kila anapoinama giza hubadilika. Marubani wengi siku hizi pia huchukua ramani katika tableti, na tableti nyingine husomeka ikishikwa wima, ikilazwa kioo chake hufifia. Mtu anaweza kudhani chombo kimekufa kumbe ni miwani yake, na akaanza kuhangaika na chombo kizima wakati ardhi inakaribia.

Kioo cha mbele cha ndege nacho huleta taabu. Kimetengenezwa kwa tabaka zilizobanwa pamoja, na miwani ya polaraizi huufanya ule mbano uonekane kama michirizi na mabaka. Madereva wanajua, kwani madoa ya namna hiyo huonekana kwenye vioo vya pembeni vya gari.

Kwa maoni yangu hatari kubwa kuliko zote ni ile isiyozungumzwa sana. Ndege ndogo angani ni nukta, na mara nyingi kinachoisaliti ni mmeto wa jua kwenye bawa lake au kioo chake. Miwani inayokata mng'ao huweza kuukata na mmeto huo. Tufanye hesabu. Ndege mbili zinakwenda kilomita 200 kwa saa kila moja, zikielekeana. Zinakaribiana kwa kilomita 400 kwa saa, yaani kama mita 111 kila sekunde. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani hukadiria kwamba tangu rubani aione ndege nyingine hadi ndege yake ianze kukwepa hupita sekunde 12.5. Akiona mmeto kilomita 3 mbele, ana sekunde 27. Akichelewa hadi kilomita 1, ana 9, na hazimtoshi.

Mamlaka hiyo haikuweka katazo. Inashauri tu kwamba miwani ya polaraizi isitumiwe kazini. Inapendekeza vioo vya kawaida vinavyopitisha kama asilimia 15 ya mwanga, na rangi ya kijivu hupendwa kwa kuwa haiharibu sana rangi nyingine. Rubani sharti aitambue taa nyekundu ya hatari bila kubahatisha.

Sasa turudi kazini kwetu. Mizani ya elektroniki yenye tarakimu nyeusi juu ya kioo cha kijivu ni fuwele kioevu. Mchuma chai aliyevaa miwani ya polaraizi, akisimama kando ya mizani na kuinamisha kichwa, anaweza asione kitu, akabaki kulipokea neno la karani. Uzito ule ndio ujira wake. Vivyo hivyo kwa mtu wa boila anayesoma mgandamizo kwenye kioo cha namna hiyo, jambo ambalo si la ujira tena bali la uhai. Tarakimu nyekundu zinazowaka zenyewe hazina shida hii.

Kupima ni rahisi. Chukua kikokotoo au saa ya mkono yenye tarakimu nyeusi, itazame kupitia kioo kimoja cha miwani, kisha izungushe miwani polepole kama usukani. Kioo kikiwa cheusi mahali fulani na tarakimu zikapotea, miwani hiyo ni ya polaraizi. Isipobadilika, ni miwani ya kawaida, hata kama muuzaji aliapa.

Na pale ambapo kazi yenyewe inadai miwani ya kinga, Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Tangu mwaka 2022 mkataba huo umehesabiwa kuwa mmoja wa mikataba ya msingi. Kwa hiyo mkiletewa miwani hiyo, ifanyieni jaribio la kikokotoo siku hiyo hiyo, mbele ya msimamizi, kabla hamjatia sahihi ya kuipokea.