Akidi ya Bakteria: Mlingano Unapoipima Istilahi

Katika mikutano ya vyama, shughuli hazianzi hadi akidi itimie. Mwaka 1994, Fuqua, Winans na Greenberg waliiazima dhana hiyo kuelezea mawasiliano ya bakteria. Makala haya yanadhamiria kuonyesha jinsi hisabati inavyoyafafanua mawasiliano hayo, na kuuliza iwapo istilahi ya akidi inayafaa.

Bakteria aitwaye Vibrio fischeri hutoa molekuli za ishara ambazo huenea majini. Wakitawanyika baharini, bakteria hawa hawang'ai. Ila ndani ya kiungo maalumu cha ngisi mdogo wa Hawaii, ambamo husongamana kwa mabilioni katika kila mililita, hutoa mwanga.

Tuseme B ni idadi ya bakteria katika ujazo fulani, z ni kasi ya kila mmoja kuzalisha ishara, p ni kasi ya ishara kupotea, na U ni ukolezi wake. Badiliko la U kwa wakati ni zB − pU. Hali inapotulia, U = zB/p. Bakteria wakiongezeka mara kumi, ukolezi nao huongezeka mara kumi.

Hata hivyo, mlingano huu pekee hauelezi mwanga kuzuka ghafla. Ukolezi ukifika kizingiti, ishara huchochea jeni inayoizalisha. Z nayo hupanda. Kutokana na mrejesho huo, kundi huweza kuwa na hali mbili thabiti: giza na mwanga.

Turejelee istilahi. Akidi ya mkutano hutegemea idadi ya wajumbe, ilhali U hutegemea pia p. Bakteria wachache waliobanwa mahali finyu huweza kukifikia kizingiti, na wengi walio katika maji yatiririkayo wasikifikie. Ndiposa mwaka 2002 Rosemary Redfield alipendekeza kwamba huenda seli hupima jinsi ishara zake zinavyotawanyika, wala si idadi ya wenzake.

Suala hili si la maneno matupu. Pseudomonas aeruginosa, ambaye hushambulia vidonda vya walioungua, hutumia ishara za aina hii. Anayeangalia idadi pekee atawaza kuwaua. Anayeusoma mlingano ataona kwamba kuiongeza p, kwa vimeng'enya vinavyovunja ishara, kwaweza kuwanyamazisha.

Hivyo basi, akidi na ibaki, kwani inaeleweka. Ila fasili yake katika kamusi za sayansi haina budi kutaja ukolezi, wala si idadi pekee.