Mkanda haukatiki, pete ndiyo inayoangusha bunduki

Mtu anayenunua bunduki ya kuwindia huuliza kwanza habari za mtutu, darubini na bei ya risasi. Mkanda hununuliwa mwisho, kwa chenji iliyobaki. Lakini bunduki yenye risasi chembani ikiponyoka begani na kitako kikagonga jiwe, hakuna ajuaye mtutu utakuwa umeelekea kwa nani.

Ajabu ni kwamba mkanda wenyewe haukatiki kirahisi. Ngozi nzuri au nailoni nene huweza kubeba uzito mkubwa kuliko kilo nne tano za bunduki. Panapoachia ni pale mkanda unapokutana na bunduki: pete, skrubu, ndoana, bizimu.

Majeshi yalilijua hilo zamani. Wazee wetu wa Keya (King's African Rifles), waliokuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoshuka bonde la Kabaw kule Burma mwaka 1944 huku mvua zikinyesha bila huruma, walibeba bunduki za Lee-Enfield. Mkanda wake ni utepe mnene wa pamba, ncha zake zimevikwa shaba. Pete ya mbele imeshikwa kwa skrubu kwenye bendi ya chuma, ya nyuma iko kitakoni. Hakuna kitufe wala springi, kwa hiyo hakuna cha kuzibwa na matope.

Wamarekani walitumia mkanda wa ngozi wa M1907, mzuri hasa kwa kulenga shabaha, kwani askari huuzungushia mkono wa juu na bunduki ikatulia. Unafungwa kwa kulabu mbili zinazoingia kwenye matundu ya ngozi. Matundu yakipanuka na mkanda ukalegea, kulabu huchomoka zenyewe. Tena ngozi na unyevu wa tropiki haviivi chungu kimoja: huota ukungu, hukakamaa, hupasuka. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wakaleta mkanda wa pamba, rahisi na wa bei nafuu zaidi.

Siku hizi pete inayopendwa ni ile ya kubonyeza kitufe. Ndani yake mna gololi ndogo zinazotokeza na kujibana kwenye tundu lililochongwa kwenye bunduki. Ni fundi hodari aliyeibuni, ila vumbi la porini likiingia humo, gololi hubaki nusu ndani nusu nje. Unasikia “tik”, unaamini imeshika, kumbe bado. Kwa hiyo ukishaiingiza, vuta kwa nguvu mara mbili tatu, bunduki ikiwa haina risasi, ndipo uiweke begani.

Sababu ya kuwapo kwa pete hizi ni ya kweli: katika kichaka kinene mwindaji huuvua mkanda usije ukanasa tawi wakati mnyama yuko hatua chache mbele. Lakini wengi hawauvui kamwe, mwaka mzima. Mtu wa namna hiyo, kwa maoni yangu, anajinunulia hatari bure. Pete ya skrubu ingemtosha.

Kwenye bunduki nzito kama .375 H&H, pete ya mbele mara nyingi hufungwa kwenye mtutu wenyewe badala ya mbao ya chini yake. Bunduki ikirudi nyuma kwa kishindo, pete iliyo kwenye mbao ingeuparuza mkono ulioishikilia. Hapo cha kukagua ni bendi inayozunguka mtutu, kama imelegea au imeanza kuteleza.

Kitakoni hali ni nyingine. Skrubu imezama kwenye mbao, na mbao hunywa maji masika, ikanyauka kiangazi. Tundu hupanuka kidogo kidogo. Ishike pete kwa vidole uizungushe: skrubu ikigeuka pamoja nayo, kazi imeshaharibika. Wapo wanaosokota kijiti cha meno na gundi ndani ya tundu na kuifunga tena. Hiyo itashika mpaka wiki ya kwanza ya safari. Fundi wa kweli hulitoboa tundu likawa pana, akapigilia humo kigingi cha mbao ngumu chenye gundi, akakiacha kikauke kabisa, kisha akatoboa upya tundu jembamba kuliko skrubu, ili meno yake yapate pa kuuma.