Kijana Hamwulizi Asiyemjua

Mwaka 2001 maktaba za jimbo la New Jersey, Marekani, zilianzisha QandANJ, huduma ya kuchati na mkutubi usiku na mchana. Mwanafunzi aliyekwama na kazi ya shule saa sita za usiku alikuwa na mtu wa kumwuliza. Sisi wa fani ya ukutubi tulidhani vijana ndio watakaojaa huko, maana kuchati ni kwao. Kumbe wengi hawakuzigusa kabisa huduma za aina hii.

Watafiti Marie Radford na Lynn Silipigni Connaway waliwaketisha vijana wa Marekani na kuwauliza sababu. Wapo ambao hawakujua kama huduma ipo. Hilo ni la matangazo tu. Lililonigusa zaidi ni hofu. Tangu utotoni wameonywa wasichati na watu wasiowajua, leo maktaba inawaambia wachati na mtu asiye na sura! Mkutubi wanayemwona ana kwa ana walimwamini. Huyu wa mtandaoni, hata kidogo. Binafsi nawaona wana haki. Ndiyo maana bango lenye rangi kali na maneno ya vijiweni halisaidii kitu. Afadhali mkutubi aende darasani, ajitambulishe kwa jina, afungue huduma mbele yao na kujibu swali moja wakiona.

Akishapatikana, kijana hupotea kirahisi. Mtafiti Melissa Gross alieleza mwaka 1995 kwamba maswali mengi yaletwayo maktaba si ya anayeyaleta: ametumwa nayo. Kijana anaandika, “Nataka habari za Misri.” Mkutubi anauliza, kama alivyofunzwa, “Unataka nini hasa kuhusu Misri?” Lakini mwenye swali ni mwalimu, na mtoto wa watu hajui hicho “hasa” ni kipi. Anafunga chati. Angeulizwa, “Mwalimu aliliandikaje? Ninakilie neno kwa neno, na uniambie inatakiwa lini,” pengine ingebainika kuwa ni ukurasa mmoja kuhusu mafuriko ya Nile, wa kesho asubuhi.

Halafu kuna ukimya. Kaunta ya maktaba humwonyesha msomaji kwamba mkutubi anapekua rafu. Kwenye skrini, dakika tatu bila neno ni sawa na kutelekezwa. Basi mkutubi aandike “bado natafuta,” na kiungo cha kwanza kinachofaa akitume hapo hapo, bila kusubiri vitimie vitano.