Barua Ndani ya Kiatu

Haya wajukuu, sogeeni. Leo hakuna sungura wala fisi. Leo twende Mossel Bay, mji wa pwani ya Afrika Kusini, kiasi cha kilomita 400 mashariki mwa Cape Town.

Ukifika, usikimbilie kuogelea. Nenda kwanza kwenye mti. Ni mti wa kale wenye utomvu mweupe, wa aina inayoota hata pwani ya Kenya na Tanzania. Nahodha Mreno, Pêro de Ataíde, alitia nanga hapa akirudi kutoka India baada ya dhoruba kuzamisha vyombo vya wenzake. Angewaonyaje watakaokuja nyuma yake? Aliandika barua, na husimuliwa kwamba aliitia ndani ya kiatu kikuukuu akakitundika mtini. Mwaka 1501 João da Nova, naye akielekea India, akaikuta. Posta isiyo na karani! Siku hizi pale chini pana sanduku la barua lenye umbo la buti. Tumbukiza kadi yako humo, nayo itapigwa mhuri wa pekee.

Safari ya saa moja na ushei kwa gari, ng'ambo ya milima, upo Oudtshoorn, mji wa mbuni, na karibu yake mapango ya Cango. Ni pazuri, lakini mimi ningebaki baharini. Kwenye majabali ya Pinnacle Point, nje kidogo ya mji, wataalamu wa mambo ya kale walichimba pango wakakuta magamba ya kome walioliwa na watu miaka kama 160,000 iliyopita. Kwa hiyo mtu akikwambia Wareno ndio waliogundua mahali hapa, muulize hao kome walijila wenyewe?

Basi Wareno walifuata nini? Maji ya kunywa. Bartolomeu Dias alifika mwaka 1488, akateka maji kwenye chemchemi bila ruhusa. Wenyeji, wafugaji wa Kikhoikhoi, wakamtupia mawe. Dias akamuua mmoja wao kwa mshale.

Miaka tisa baadaye akaja Vasco da Gama. Safari hii mambo yalianza vizuri ajabu. Wakhoikhoi walileta zumari nne au tano, nyingine za sauti nyembamba, nyingine nzito, wakapiga na kucheza. Da Gama akaamuru tarumbeta zilie, na mabaharia nao wakacheza mashuani. Ng'ombe dume mweusi akauzwa kwa bangili tatu. Ng'ombe mzima! Kisha ugomvi ukazuka, chanzo kikiwa maji yale yale, na mizinga ikapigwa kuwatisha wenyeji.

Kabla ya kuondoka, Wareno walisimamisha nguzo na msalaba mkubwa wa mbao. Kesho yake, merikebu zikiwa ndiyo kwanza zinang'oa nanga, wakawaona watu kama kumi hivi wakivibomoa vyote viwili mbele ya macho yao. Da Gama aliendelea na safari hadi Mombasa, kisha Malindi, ambako nguzo inayoitwa kwa jina lake ingali imesimama na watalii huipiga picha. Ile ya Mossel Bay haikumaliza hata siku mbili.