Jangwa Lenye Mvua

Kamusi hueleza jangwa kuwa nchi kavu isiyo na mvua. Katanga mvua ipo. Hata hivyo moshi wa tanuru la shaba la Lubumbashi, lililowashwa mwaka 1911, uliteketeza miombo ukaacha udongo mtupu. Tupaiteje mahali hapo? Kazi za Sammy Baloji, mzaliwa wa mji huo (1978), zanifanya nipaite jangwa lililotengenezwa na watu. Katika Mémoire (2006) aliwasimamisha wafanyakazi wa enzi ya ukoloni, waliotolewa katika picha za kale, mbele ya mitambo iliyochakaa ya Gécamines. Katika video yenye jina hilo hilo, Faustin Linyekula acheza dansi humo magofuni. Kwangu video yazidi picha, kwani mwili mmoja hai wapima ukubwa wa kilichopotea. Sisi wa Kamina twahusika: shaba hiyo ilipita hapa kwa reli kwenda Ilebo.