Ngoma Ndani ya Ubongo

Wenzangu, ukipita karibu na kanisa la Akorino hapa Nyeri siku ya ibada, ngoma hukushika hata kama huna kilemba. Mguu waanza kwenda wenyewe. Je, mdundo hufika hadi ubongoni?

Ubongo hutoa mawimbi ya umeme. Mjerumani Hans Berger aliyanasa ya binadamu mwaka wa 1924. Ukitulia na kufumba macho, huwa kama 8 hadi 13 kwa sekunde. Sasa kuna sauti za simu: spika ya sikio hili hutoa mitetemo 400, ya lile 410, nawe wasikia mdundo wa 10 ambao nje haupo! Ati huyavuta mawimbi, usome ukiwa umetulia. Wataalamu wangali wanabishana. Mimi nilizijaribu usiku wa kuamkia mtihani wa Fizikia. Niliamka alfajiri, kitabu kifuani, sijasoma hata ukurasa.